Nauza Mkonga: nichukue Prado ya dizeli 2.8 au petroli 2.7?

Mkulima wa Korosho: Wakuu habari zenu. Nina Land Cruiser Mkonga, injini 1HZ, nataka kuiuza niagize Prado ya 2016 Japani. Nipo njia panda: dizeli ya 2.8 (injini 1GD) au petroli ya 2.7 (injini 2TR)? Njia yangu ni Nangurukuru hadi Liwale, mkoani Lindi, masika na kiangazi.

Dereva wa Nyanda: Mkuu, dizeli, hakuna mjadala. 1GD ina farasi 177 na mvuto wa Nm 450. 2TR ina farasi 163, mvuto 246 tu. Kwenye tope utaikanyaga ilie na gari haliendi. Petroli waachie kina mama wa Dar wanaopeleka watoto shule.

Mama Kimara: Huyo mama wa Dar ni mimi. Nina 2TR, naendesha mwenyewe mpaka Songea. Na kupeleka mtoto shule kuna aibu gani?

Dereva wa Nyanda: Dada, Songea ni lami. Taja tope uliloingia.

Mama Kimara: Mwezi wa nne, shambani kwetu Namtumbo. Nilishuka, nikapima maji kwa mti, yakafika gotini, nikarudi nikaweka 4L (gia nzito ya magurudumu yote manne) nikapita taratibu. Nyie mnajitosa kwa sifa, halafu mnapiga simu mletewe trekta.

Dereva wa Nyanda: Sijawahi kuvutwa na trekta mimi. Usinizushie.

Fundi Gerezani: Jamani, mwenye swali anasubiri. Prado za 1GD za soko la Japani zina tanki la AdBlue, maji ya urea ya kusafishia moshi. Ikiisha kabisa halafu ukazima injini, haiwaki mpaka ujaze. Ina pia kichujio cha masizi kwenye ekzosi, safari fupifupi zinakiziba. Uzuri wake ni cheni, hubadilishi mkanda wa taiming kama kwenye 1KD, injini ya dizeli ya Prado za nyuma.

Mzee wa Kitonga: Na mafuta je? 1HZ inavumilia, pampu yake haina kompyuta. Injekta za 1GD zikinywa maji au dizeli chafu, umekwisha.

Dereva wa Nyanda: Mzee, uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa ulikwisha EWURA, wasimamizi wa nishati, walipoleta vinasaba vya kutambua mafuta halali, 2010 au 2011 hivi, na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa.

Mzee wa Kitonga: Ulipungua vituoni, mwanangu. Dizeli ya dumu kijijini nani anaipima?

Mama Kimara: Ndiyo hivyo! Dizeli yake ya dumu, farasi 177 watamsaidia nini?

Dereva wa Nyanda: Kwani petroli ya dumu ni safi? Wewe una chuki na mimi tu.

Mkulima wa Korosho: Mimi ni mteja wa madumu, shamba liko mbali na kituo. Fundi, AdBlue Lindi inapatikana? Maana naanza kuuonea huruma Mkonga wangu.

Fundi Gerezani: Sijaiona huko. Beba madumu yake kutoka Dar, uyatunze kivulini.

Mzee wa Kitonga: Mkulima, Mkonga ni wa mwaka gani? Weka picha za chesesi na bei. Nipo tayari.