Naombeni ushauri, kwizi ya kemia imejifunga umeme ulipokatika
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana kichwa kinapata moto. Nasoma diploma mwaka wa kwanza hapa Dar, nimepanga Tabata. Kwizi za kemia tunafanyia mtandaoni na masharti yake si ya kitoto, dakika 30, unaingia mara moja tu, ukishajibu swali hakuna kurudi nyuma, kalkuleta ya kawaida ruksa ila ukifungua ukurasa mwingine umeibia.

Sasa jana usiku nipo swali la 7, wameuliza gramu ngapi za NaOH (sodiamu hidroksidi) zinatakiwa kutengeneza mililita 250 za myeyusho wa 0.1 M (yaani moli 0.1 kwa lita), nishapiga 0.1 × lita 0.25 × 40 (gramu za moli moja ya NaOH) nimepata gramu 1, ile naandika tu jibu, pap, umeme huo, na waifai ya mwenye nyumba nayo ikafa. Nikahangaika kuwasha data ya simu, bando lenyewe la kuungaunga, kuja kuingia naambiwa kwizi yako imeshawasilishwa. 6 kati ya 20, na lile swali nilikuwa nalijua jamani!

Roommate anasema nimfuate mwalimu fasta, mwingine anasema nitaonekana najitetea tu. Skrinshoti ninayo ya saa 3:12 usiku. Nianze na mwalimu au nipitie kwa CR (mwakilishi wa darasa)? Niandike barua au meseji ya WhatsApp inatosha? Aliyewahi kufunguliwa kwizi upya aniambie alifanyaje, mtihani wenyewe wiki ijayo na masharti ni haya haya.