Kikundi: Watoto na Wajukuu wa Nkuhungu

Damari, saa 12:41 asubuhi
Mbukwenyi, ndugu zangu. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wetu, na safari hii ni tahadhari, ngazi ya juu kuliko angalizo la wiki iliyopita. Naomba tukubaliane kabla ya jioni ni nani atakayemchukua Mama, na ni nani atakayeshughulikia maji ya korongo.

Damari, saa 2:05 asubuhi
Naona watu 14 wamesoma na hakuna aliyejibu.

Joeli, saa 2:20 asubuhi
Shikamoo Shangazi, shikamooni wakubwa wote. Magunia ya mahindi nimeyapandisha juu ya matofali, lakini ukuta wa stoo umelowa chini tangu mvua ya Jumapili, nikiukwangua kwa kidole udongo unatoka. Niendelee kuweka chakula humo?

Damari, saa 2:24 asubuhi
Usiendelee. Tofali bichi likishanyonya maji hushuka bila kuaga, kwa hiyo hamishia kila kitu chumba cha Bibi, halafu ujaze ndoo za maji ya kunywa leo, maana choo cha shimo kikifurika hatutakiamini tena kisima. Swichi kuu uizime maji yakiwa bado nje ya kizingiti, wala usiiguse ukiwa umesimama majini. Hati ya kiwanja na dawa za presha zifunge kwenye mifuko ya nailoni.

Asheri, saa 4:50 asubuhi
Shikamoo Shangazi. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku mwaka 2019, labda uliyo nayo ni ya urithi. Mimi nauliza kuhusu bata wa Bibi: nao wanahamishwa, au wao ndio waokoaji?

Naomi, saa 4:52 asubuhi
Bata wale hawawezi kumwokoa mtu. Mwaka jana mmoja alinyeshewa akapata mafua.

Damari, saa 4:58 asubuhi
Asheri, tumia ndoo yenye mfuniko, na useme gari lako lipo au halipo.

Zabroni, saa 7:15 mchana
Niko Singida kikazi, nimesoma sasa hivi. Damari, mdogo wangu, unawatisha watoto. Korongo lile ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, na asubuhi hii mnaniambia jua linawaka.

Damari, saa 7:19 mchana
Kaka, korongo halileti mvua ya kwetu, linaleta mvua iliyonyesha huko juu kwenye ardhi ngumu isiyowahi kuimeza, ndiyo maana watu husombwa chini ya anga jeupe. Watu wa Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, walishukiwa na tope kutoka Mlima Hanang wakiwa majumbani mwao. Na korongo letu lilikuwa na njia yake mpaka ukuta fulani ulipojengwa.

Zabroni, saa 7:30 mchana
Ukuta huo niliujenga baada ya mchango wa mtaro kukusanywa na mtaro usionekane. Mwenye daftari anajijua.

Damari, saa 7:31 mchana
Daftari lipo, na risiti za saruji zipo. Asiyekuwepo ni aliyeahidi kuleta mawe.

Asheri, saa 7:40 mchana
Wakati risiti zinatafutwa, ni nani atakayembeba beberu? Mara ya mwisho alinibeba yeye.

Baba Mkubwa, Mvumi, saa 10:05 jioni
Naandikiwa na mjukuu, msitafute makosa. Katika mvua za El Niño, mwanzoni mwa 1998, tembe letu lilianguka usiku upande wa ndama. Baba yenu alikuwa ameambiwa mchana ahame, akasubiri sisi kaka zake tumalize mabishano ya ng'ombe. Zabroni, ukuta ule utobolewe leo mahali pawili, chini kabisa. Damari, daftari utaniletea mimi, usilifungue humu. Na mama yenu asiulizwe kama anataka kuhama. Aambiwe gari limefika.

Zabroni, saa 10:48 jioni
Nimesikia, Baba Mkubwa. Nampigia fundi.

Damari, saa 10:50 jioni
Asante, Baba Mkubwa. Mama atalala kwangu Ilazo. Joeli, maji yakikuwahi piga 114, Zimamoto na Uokoaji, na usivuke korongo kwa miguu hata yakiwa chini ya goti, kwa sababu yakienda kasi humwangusha mtu mzima.

Joeli, saa 12:55 jioni
Fundi ametoboa tundu moja, giza limemkuta, la pili amesema ni kesho. Bibi amekubali kwenda Ilazo, ila hatalala huko bila godoro lake, na anasema mnajua ni lipi na kwa nini. Mawingu yamekaa upande wa milima.

Damari, saa 12:57 jioni
Godoro litafuata kesho. Asheri, gari liko wapi?

Damari, saa 1:26 usiku
Asheri?