Laini ya 4G Lamu: IPv6 (anwani mpya za intaneti) hakuna, ukiuliza unaambiwa ubadilishe simu!

Waungwana, nimechoka kuwaandikia huduma kwa wateja, wacha niyamwage hapa.

Naangalia nyumba ya wageni Shela. Kamera za usalama nimezifunga kwenye ruta ya 4G, laini ya kampuni nisiyoitaja. Nikivuka Mokowe, au nikiwa Mombasa, kuchungulia mlangoni siwezi. Ruta imepewa anwani inayoanza na 100.64, yaani ya humo humo ndani ya mtandao wao. Huko nje tunaonekana kwa anwani moja, mimi na watu nisiowajua. Ni yale ya zamani ya mtaa mzima kutumia sanduku la posta la shule: ukiandika wewe, jibu litakufikia, akianza mwingine kukuandikia, karani hajui ampe nani, anaitupa.

Msiniambie nitumie programu ya mwenye kamera. Ndiyo ninayotumia. Picha inazunguka seva za ng'ambo kabla ya kunifikia, bando linaliwa, na mlango wa wageni wangu unaonwa na nani, sijui.

Halafu kuna madhambi ya wenzio. Mmoja wa anwani ile akifanya uchafu, tovuti zinatushuku sote. Jana naambiwa nichague picha za taa za trafiki kuthibitisha kwamba mimi ni binadamu. Taa za trafiki, Lamu, mji wa punda!

Anwani za intaneti za aina ya zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Akiba kuu iliisha Februari 2011, na tangu Januari 2020 AFRINIC, wagawaji wa anwani Afrika, hawatoi zaidi ya 1,024 kwa mara moja. Sawa, hilo si kosa la kampuni. Lakini IPv6, aina mpya yenye anwani za kumtosha kila mtu, ilichapishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1995! Waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto.

Kilichonipandisha hasira ni jibu nililopewa: eti simu yangu ndiyo haina uwezo. Uongo mtupu. Android ina mbinu iitwayo 464XLAT tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, na kazi yake hasa ni kuziwezesha programu za IPv4 kutembea kwenye mtandao wa IPv6 pekee. Apple nao tangu Juni 2016 wanakataa programu inayoshindwa kwenye mtandao wa aina hiyo. Fungueni wenyewe mipangilio ya APN (lango la data la kampuni ya simu), pale penye Itifaki ya APN: kuna IPv4, IPv6, au zote mbili. Mimi nimeweka zote mbili, simu ikaomba zote mbili, mtandao ukarudisha IPv4 peke yake. Sasa mbovu ni nani?

Najua hata wakiiwasha IPv6 wanaweza kuzuia miunganisho inayoingia kutoka nje, kwa sababu za usalama. Basi watupe kitufe, mwenye kutaka afungue. Wanachofanya wao ni kuuza anwani maalumu kwa bei ya ofisi kubwa, na sisi wa kamera mbili tukae kimya.

Aliyeko Malindi, Watamu au hapa visiwani, ambaye simu yake ikiwa kwenye data inaonyesha anwani ndefu yenye nukta pacha inayoanza na 2, aseme anatumia laini gani na APN ameandika nini. Nahama wiki hii hii.