Ukumbi wa heshima wa eneo letu umegeuzwa biashara, na daftari la muuguzi wetu limepotelea mikononi mwao

Wanajukwaa, hamjambo. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, ila nitajitahidi kueleza mambo yalivyofuatana ili mtu asije akadhani kwamba namtetea ndugu yangu aliyenyimwa cheo. Kamati ninayoilalamikia iliundwa hapa Kisumu ili kuanzisha ukumbi wa heshima wa Nyanza na Magharibi, mahali ambapo picha na habari za wakazi waliolifaa eneo hili zingehifadhiwa na watoto wa shule wangeletwa kuzitazama. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu mali yetu bado iko kwao na ninataka irudi.

Walipowaalika wananchi wapendekeze majina, mtaani kwetu Manyatta hapakuwa na ubishi. Kila mzee tuliyemuuliza alimtaja muuguzi mmoja, sasa ni marehemu, ambaye sote tulimwita nyamrerwa, yaani mhudumu wa afya ya jamii kwa Kijaluo. Wenye umri wangu mnakumbuka hali ilivyokuwa katika miaka ya 1990, wakati wagonjwa wa Ukimwi walipofichwa katika vyumba vya nyuma, vikombe vyao vikatengwa, na hata waliokuja kuomboleza wakasimama mbali na kitanda. Serikali ilitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Mama huyu alikuwa ameshaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli tangu 1993, baada ya zamu yake ya hospitali, bila kulipwa na mtu yeyote, akiwaosha watu ambao jamaa zao wenyewe waliogopa kuwagusa.

Tunajua alianza 1993 kwa sababu aliandika. Alikuwa na daftari la kawaida la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na ndani yake kila ziara ilikuwa na mstari wake: tarehe, saa, herufi mbili za kwanza za jina la mgonjwa, kisha maneno machache kwa kalamu ya buluu. Amekunywa uji nusu kikombe. Nimemgeuza, vidonda vya mgongo vimeanza kukauka. Mama yake leo amekubali kumshika mkono. Kuna ukurasa mmoja ambao wino umetawanyika kwa maji ya mvua, naye akauandika upya pembeni kwa penseli ili habari za siku hiyo zisipotee. Binti yake alinikabidhi daftari hilo pamoja na picha ya pekee waliyokuwa nayo ya mama yao akiwa na sare, nami nikavipeleka kwa kamati kwa mkono wangu, kwa kuwa fomu ilidai vielelezo halisi na kukataa nakala. Karani alinipa karatasi yenye muhuri inayosema kwamba vimepokelewa. Karatasi hiyo ninayo hadi sasa.

Kabla ya fomu kupokelewa nililipa shilingi 3,000 walizoziita ada ya kushughulikia pendekezo. Tulichanga mtaani, akina mama wa mboga wakitoa hamsini hamsini. Wiki chache baadaye nikapata ujumbe kwenye simu ukinifahamisha kwamba familia za wanaopendekezwa zinahimizwa kununua meza ya hafla ya uzinduzi, watu kumi kwa shilingi 50,000. Nilipopiga simu kuuliza kama asiyenunua meza ataondolewa kwenye orodha, nilijibiwa kwamba kamati itazingatia moyo wa kushirikiana. Naomba msome maneno hayo mara mbili, kwa maana sijaongeza wala kupunguza neno.

Orodha ilipotoka, sehemu kubwa ilikuwa wanasiasa wa zamani, wanakandarasi na mfanyabiashara mmoja ambaye wote tunajua kwamba anautaka ubunge uchaguzi ujao. Muuguzi wetu hakuwemo. Nilikwenda ofisini kuuliza sababu, na sababu niliyopewa ni kwamba hakuzaliwa katika eneo hili. Ni kweli kwamba alizaliwa Tarime, upande wa pili wa mpaka, akaolewa huku akiwa msichana na kuishi Kisumu zaidi ya miaka arobaini hadi tukamzika huku. Kanuni hiyo ya kuzaliwa haikuwa kwenye fomu, haikutajwa kwenye tangazo, na hakuna ukurasa wowote niliowahi kuonyeshwa ambapo imeandikwa.

Hebu tuichukue kanuni hiyo kama walivyoisema na tuone inatufikisha wapi. D. O. Misiani, ambaye gitaa lake na kundi lake la Shirati Jazz liliisimulia historia ya watu wa ziwa hili kuliko mwalimu yeyote wa darasani, alizaliwa Shirati, Tanzania, akafanya kazi yake yote kubwa huku kwetu na kufa kwa ajali ya barabarani karibu na Kisumu mwaka 2006. Kwa kanuni hii, hafai. Profesa Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa wadudu aliyeanzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, mwaka 1970, alizaliwa Mombasa. Naye hafai, ingawa kituo cha ICIPE cha Mbita, pale ukingoni mwa ziwa, ndipo palipotoka utafiti unaomwezesha mkulima wa Siaya au Vihiga kupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya napier kandokando ya shamba, ili buu anayetoboa mabua afukuzwe, na kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi, kisiote. Watu wanavuna kwa sababu ya kazi iliyofanyika pale. Mtu anayesimama mbele ya mkulima huyo na kumwambia kwamba profesa si wetu kwa vile mama yake alijifungulia pwani, anamtukana mkulima pia.

Na kama watajibu kwamba kanuni inaweza kulegezwa kwa watu wakubwa, basi si kanuni. Watuambie ni nani anayeilegeza, na kwa bei gani.

Sipingi wanasiasa kuenziwa. Grace Onyango alikuwa mwanasiasa, na ukumbi wowote wa eneo hili usioanza na mtu kama yeye nitaushangaa, kwa maana mwalimu huyo alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza Kenya kushika wadhifa huo, na mwaka 1969 watu wa mji huu wakamfanya mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la nchi hii. Joe Kadenge, mwanasoka wa Vihiga, hakuhitaji kununua meza ili jina lake liimbwe redioni na watoto wanaokimbiza mpira wa karatasi. Ninachopinga ni kumweka mtu ukutani pamoja na hao kwa sababu familia yake ilikuwa na shilingi 50,000 mwezi wa hafla.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni magumu, kwamba kila kamati duniani hulaumiwa. Si magumu hivyo. Sheria ya Mashujaa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka vigezo vya kumtambua na kumchagua shujaa wa taifa, na vimeandikwa, mtu yeyote anaweza kuvisoma. Huko Marekani, ambako mtindo huu wa kumbi za heshima umeenea sana, ukumbi wa mchezo wa besiboli ulioko Cooperstown umekuwa ukichagua watu tangu 1936, na katika kura ya waandishi wa habari za mchezo huo mchezaji hupigiwa kura baada ya kustaafu kwa miaka mitano, akihitaji asilimia 75 ya kura ili aingie; aliyekosa hujua alipata kura ngapi. Watu hugombana kila mwaka kuhusu matokeo, lakini hugombana wakiwa na hesabu mbele yao. Sisi tuna nini mbele yetu? Hatujui wanakamati waliopiga kura walikuwa wangapi, wala kama kura yenyewe ilipigwa.

Nimeyaandika haya yote, lakini kilichoniondolea usingizi ni daftari. Mwezi uliopita nilikwenda kulichukua. Karani wa zamani ameondoka, na yule mpya alinipeleka kwenye chumba chini ya ngazi ambako bahasha za watu zimerundikwa sakafuni, nyingine zimekanyagwa, nyingine zimelowa kutokana na bomba linalovuja. Tulitafuta kwa saa mbili. Niliipata bahasha yetu ikiwa imechanwa upande mmoja, ndani yake imebaki fomu tu. Nilipouliza vilivyokuwemo viko wapi, kijana yule, ambaye simlaumu kwa sababu hakuwepo, alisema huenda vilichukuliwa na watu wa kutengeneza maonyesho. Nimepiga simu kwa mwenyekiti mara sita. Mara moja alishika, akasema yuko mkutanoni. Nimeshindwa kumtazama binti wa marehemu usoni. Yeye hakuwahi kuomba mama yake aenziwe; sisi majirani ndio tuliomshawishi.

Kwa hiyo ninawaomba mambo mawili. Kama wewe au familia yako mlipeleka picha, barua, medali au kitu chochote kwa kamati hii na hamjarudishiwa, andika hapa chini ulipeleka nini na lini, ili tusiende mmoja mmoja kama waombaji. Na kama kuna yeyote aliyefanya kazi ya kuandaa maonyesho hayo na ameliona daftari la shule lenye jalada la kijani, wino wa buluu, na ukurasa mmoja ulioandikwa pembeni kwa penseli, tafadhali anijulishe hata kwa siri; sitamuuliza lilimfikiaje.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pao na ile karatasi yenye muhuri. Binti yake amesema atakuja pia.