Tupeane uzoefu: lile neno baya unalojiambia, ulilinasaje?

Habari zenu. Niko Nakuru, pande za Langa Langa, kwenye tiba ya kiwewe, ile ya EMDR ya kufuata vidole kwa macho. Kilichonitoa jasho si vidole. Ni swali kuhusu picha ya tukio iliyobaki kichwani: "Ukiiona picha ile, inakuambia wewe ni mtu wa aina gani?"

Nikajibu, "Niliogopa." Kaunsela akasema hiyo ni hisia. "Walichoma nyumba yetu." Hilo ni tukio. "Watu ni wabaya." Hao ni watu, wewe je? Nikaona huyu mama ananichezea.

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 9. Tukikimbilia uwanja wa maonyesho, baba alinikabidhi mfuko wa plastiki wenye vyeti vyake na kitambulisho cha mama. Tulipofika, mkononi nilikuwa na viatu vya shule. Mfuko sijui niliuacha wapi. Hakuna aliyenigombeza, hata siku moja. Lakini mpaka leo, kabla sijapanda matatu nafungua mkoba mara tatu kuangalia kitambulisho, na pesa za chama chetu cha akiba sishiki ng'o. Hilo la chama ndilo lililonifichua. Kaunsela aliuliza kwa nini nilikataa uweka hazina, mdomo ukaropoka: "Mimi si wa kuaminiwa." Nikalia kama mtoto. Sentensi ya kinyume tuliyochagua, ya kuweka mahali pa hiyo, ni "Naweza kuaminiwa". Kwenye kipimo cha 1 hadi 7, 7 ikiwa unaiamini kabisa, niliipa 2, tena kwa kumhurumia kaunsela.

Nyinyi je?

Boda wa Kondele: Nilianguka na abiria, barabara ilikuwa na oili. Yeye alivunjika mguu, mimi mchubuko tu. Nilimwambia kaunsela "ni makosa yangu" nikidhani nimemaliza. Akaniuliza, ajali imepita, imekuacha ukiwa nani? Wiki nzima sina jibu. Jumapili shemeji akataka nimbebee mtoto, nikaficha mikono nyuma. Ndipo nikalisikia: mimi ni hatari kwa watu.

Kakamega: Mimi nilipewa karatasi ya Kiingereza, sentensi kama 20 za kujisema vibaya, weka tiki kwenye yako. Niliweka zote niwahi nyumbani. Mvua ya huku ya saa tisa haingoji tiba.

Mwenye mada: Kakamega umenichekesha. Irudie karatasi hiyo na kaunsela, lakini uziseme kwa lugha ya nyumbani. Langu kwa Kiswahili liliuma, kwa Kikuyu hata sikulimaliza.

Boda wa Kondele: Kweli. Ndani yangu huwa ni Kijaluo, "ok anyal", siwezi. Sijawahi kujiambia hivyo kwa Kiingereza.

Mama Ahero: Ila msijichimbe peke yenu usiku. Mimi nilianza kuyaandika saa sita, nikakaa macho hadi jogoo, kesho yake nikaunguza uji. Sasa nangoja siku yangu ya kaunsela. Langu ni "nilistahili", na nyuma yake kuna mtu ambaye bado namsalimia kanisani, kwa hiyo nitaishia hapo.

Mwenye mada: Pole mama. Ishia hapo hapo.

Kakamega: Dada wa Nakuru, ile 2 imefika ngapi?

Mwenye mada: 5. Uweka hazina bado nimeukataa, ila daftari la chama liko kwangu tangu Jumamosi. Nimelifunga kwa leso, liko chini ya godoro.