Re: Magurudumu yanachomolewa usiku, Lubumbashi: tunajilindaje?

Ndugu zangu, salaam.

Jirani yangu hapa Kampemba ameamka leo akakuta Noah yake imekaa juu ya matofali, magurudumu mawili ya upande wa barabara hayapo. Mimi RAV4 inalala nje ya geti kwa sababu lupango letu (kiwanja cha nyumba) ni dogo. Nati za kufuli, zile zinazofunguka kwa ufunguo wake maalumu tu, zinasaidia, au ni kupoteza hela?

Dada yenu, Kampemba

---

Dada, pole, na umfikishie pole jirani.

Nati za kufuli nunua. Zinamchelewesha mwizi, na mwizi wa magurudumu anaogopa kuchelewa. Moja kwa kila gurudumu inatosha, maana gurudumu halitoki ikiwa imebaki nati moja. Ila pima kwanza. Toyota nyingi ndogo, pamoja na RAV4, zinatumia uzi wa milimita 12 kwa 1.5, yaani unene wa bolti na nafasi kati ya mizunguko ya uzi. Nissan nyingi ni 12 kwa 1.25. Ukiilazimisha ya Nissan kwenye Toyota, inaingia mizunguko michache, inakwama, na bolti imeshaharibika. Tazama na kitako, sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu: rimu za chuma zinataka nati yenye kitako cha koni, lakini rimu nyingi za aloi za Toyota zinataka nati yenye mguu mnyoofu na washa bapa. Nati isiyokaa sawasawa hulegea gari likiwa kwenye mwendo, na hiyo ni hatari kuliko wizi wenyewe.

Ufunguo wake usiuweke pamoja na jeki wala kwenye droo ya deshibodi, mwizi huanzia hapo. Na usiuache nyumbani, tairi likipasuka njia ya Likasi utalala porini. Wangu unakaa kwenye mkoba wa karatasi za gari, ninashuka nao. Pakiti huja na kadi ya namba, ipige picha, maana ufunguo ukipotea unaagiza mwingine kwa namba hiyo. Gereji mwambie fundi afungue kwa spana ya mkono. Bunduki ya upepo inaweza kuuvunja ufunguo huo.

Kama RAV4 yako ni ile ya spea mlangoni, spea nayo ipate nati yake ya kufuli. Wenye Hilux, spea yenu inaning'inia chini kwa mnyororo unaoshushwa kwa fimbo kupitia tundu la bampa, na chuma chochote kilichokunjwa vizuri kinafanya kazi ya fimbo hiyo. Pitisheni mnyororo mnene na kufuli kwenye matundu ya rimu.

Ukiegesha, upande mmoja usogeze ukutani kabisa, spana isipate nafasi ya kuzunguka. Na matofali ya ujenzi yaliyo karibu yaondolewe. Nina hakika Noah ya jirani imewekwa juu ya matofali ya mtaa huohuo.

Kengele ya kawaida hushtuka kioo kikipigwa au gari likitikiswa. Jeki ikipanda polepole inaweza isilie. Ukinunua, dai yenye kihisi cha mwinamo, kinachotambua gari likiinuliwa upande.

Lakini hayo yote ni bure kama hakuna jicho, na hapa ndipo ninapowasihi. Nyumba nne au tano changeni zamu mmoja, yaani mlinzi wa usiku, mumlipe kwa wakati, mumpe tochi na filimbi. Juni na Julai baridi ya usiku hapa ni kali. Zamu anajivutia kwenye babula yake (jiko la makaa) pembeni ya geti, amejifunika hadi kichwani, na magari yako nyuma yake. Mpeni koti zito, na babula iwekwe mahali atakapokaa akiyatazama magari. Zamu anayetetemeka hawezi kulinda kitu.

Kaka yenu, Katuba

---

Kaka ameeleza vizuri, ninaongeza wizi wa mchana. Unapeleka gari kuoshwa au kufanyiwa matengenezo, unarudishiwa limevaa matairi ya mtu mwingine yaliyochoka. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Usipoziona upande wa nje, ziko upande wa ndani. Andika za matairi yote na spea, onyesha karatasi hiyo wakati unakabidhi gari, mpokeaji akiwa anaangalia. Rimu nazo zichongwe namba ya gari kwa ndani. Polisi wakikamata mzigo utakuwa na cha kuwaonyesha. Sisi wageni bila ushahidi ni shida kusikilizwa.

Mama wa Ruashi

---

Asanteni sana. Nimeongea na majirani watatu kuhusu zamu, wamekubali. Nati nazipata wapi?

Dada, Kampemba

---

Kuna kijana wetu anakuja na gari kutoka Dar, Tunduma hadi Kasumbalesa mpakani mwa Zambia na Kongo, anaondoka Alhamisi. Kila anayehitaji anitumie picha ya nati moja iliyofunguliwa, kitako kikionekana, na aina ya gari. Mwisho Jumatano mchana.

Kaka, Katuba