Fundi wa bafu hapokei simu na maji yanavuja, naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Fundi niliyempa kazi ya kukarabati bafu la ghorofani amekata mawasiliano. Simu inaita tu, ujumbe anausoma na hajibu.

Kazi yenyewe ina kasoro kubwa. Sakafu haina mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu, kwa hiyo yanatuama ukutani. Vigae kadhaa ukivigonga vinalia kama debe tupu, maana yake saruji haikushika vizuri chini. Dari ya chumba cha watoto, kilicho chini yake, imeanza kulowa, na kinachonitisha zaidi ni taa iliyopo hapohapo. Tumekata umeme wa chumba hicho na bafu tumelifunga. Nahofia hakupaka kabisa dawa ya kuzuia maji kabla ya kubandika vigae, ingawa imo kwenye mkataba tuliosaini na nimeilipia.

Mkataba ninao, risiti na picha pia. Salio la mwisho bado sijamlipa.

Sasa, nikileta fundi mwingine abomoe leo, si nitakuwa nimeharibu ushahidi? Nafikiria nimwandikie kwanza barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kurudi, kisha fundi mwingine akague na kuandika ripoti kabla ya kugusa chochote. Je, lile salio naweza kulitumia kwa marekebisho, au atageuka anishtaki mimi? Na aliyewahi kufika mahakamani kwa jambo kama hili, alitakiwa kupeleka nini?